Mama anapasuliwa mgongo, mimi mtoto wa kiume nitamuuguzaje?

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 27, naishi Morogoro na mama, baba alishafariki na dada zangu wameolewa mbali. Mama kasumbuliwa na mgongo muda mrefu, maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba na siku hizi anauburuza, tukapewa rufaa Dar pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, kipimo cha MRI kikaonyesha diski ya kiunoni, ule mto laini kati ya pingili, imetoka inabana mshipa wa fahamu, watamfanyia upasuaji mwezi huu. Ndugu wananichanganya, shangazi anasema ukishapasuliwa mgongo hutembei tena, mjomba anasema akitoka alale chali miezi mitatu alafu nimtafutie mtu wa kumchua. Mama anauza vitumbua, anakaa kwenye kigoda toka alfajiri. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kumwogesha, naanzaje? (Jina limehifadhiwa, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, uguza salama.

Tuanze na shangazi maana maneno kama hayo yakimfikia mama atagoma kwenda. Ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo kwa watu wazima wengi unaishia juu kidogo, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini ya hapo ni nyuzinyuzi za mishipa tu, na diski inayotuma maumivu mpaka kidole gumba kwa kawaida iko chini ya hapo. Hatari zipo, kidonda kupata maambukizi, damu, mshipa kuguswa, daktari atawaeleza kabla mama hajasaini, ila kupooza kabisa kwa upasuaji wa eneo hilo ni nadra. Na siku hiyo ya kusaini muulize swali moja la muhimu sana, anatoa kipande cha diski tu au anaunga pingili kwa vyuma? Maana akiunga, mfupa unachukua miezi kushikana na masharti yanakuwa marefu zaidi. Mtajieni pia dawa zote anazotumia, za presha, za sukari, aspirini, hata zile za mizizi za mjomba.

Kulala miezi mitatu, hapana kabisa. Wengi wanasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, na kutembea ndo kunakosaidia damu isigande miguuni. Hapa ndo wauguzaji wengi wenye upendo tunaharibu, tunamfanyia mgonjwa kila kitu mpaka misuli inalegea. Kazi yako we ni kuandaa nyumba na kuwa karibu, kutembea atatembea mwenyewe.

Kutoka kitandani nako kuna namna, na usimvute mikono wala kumnyanyua kwapani. Akunje magoti, ageuke ubavu mabega na kiuno kwa pamoja kama gogo, ashushe miguu nje ya kitanda huku anajisukuma kwa kiwiko na kiganja mpaka akae, atulie kidogo kwanza kizunguzungu kiishe ndo asimame. Mwombe mfiziotherapia, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awafundishe wodini na we ufanye mbele yake. Kama analala godoro la chini, kitanda kitafutwe kabla hajatoka hospitali.

Sasa kuogesha. Kwanza jua kwamba sehemu kubwa ya mwili ataosha mwenyewe, mikono yake ni mizima. We mwekee bafuni kiti cha plastiki kigumu, ndoo ya maji vuguvugu iwe juu ya stuli usawa wa mkono ili asiinamie chini, sabuni na kopo viwe hapohapo, sakafu iwe kavu, alafu toka nje usimame mlangoni, asifunge komeo. Kinachobaki ni mgongo, nyayo na kuvaa nguo za chini. Ajifunge kanga kiunoni na nyingine kifuani, unamwoshea miguu na mgongo akiwa amejisitiri vizuri kabisa, kidonda usikiloweshe mpaka hospitali waruhusu. Kama mama mwenyewe haoni raha hata hivo, muulize, usimwamulie, pengine kuna mama mdogo au jirani anayemwamini anaweza kuja jioni wiki mbili za mwanzo. Hakuna aibu kwako wala kwake mwanangu, ila heshima yake ailinde yeye kwa anavyotaka.

Choo kama ni cha kuchuchumaa fundi akutengenezee kiti kilichotobolewa katikati. Na dawa za maumivu kama tramadol zinafunga choo, kujikamua na kidonda cha mgongo ni mateso, kwahiyo maji ya kutosha, papai, mboga za majani, na ikizidi siku mbili tatu uliza dawa ya kulainisha.

Kumchua, mwambie mjomba asante ila hapana. Ganzi ya mguu inaweza kubaki wiki au hata miezi baada ya maumivu kuisha maana mishipa inapona polepole, msikate tamaa mkakimbilia kwa wachuaji.

Ila ukiona haya usisubiri asubuhi: mkojo umegoma au unatoka bila kujua, ganzi sehemu za siri na makalio, mguu unazidi kuishiwa nguvu, homa na usaha kwenye kidonda, au kidonda kinatoa majimaji maangavu kama maji na kichwa kinauma akikaa. Mguu mmoja kuvimba, kifua kubana, hayo pia ni ya dharura.

Safari ya kurudi, waulizeni wodini lini anaweza kusafiri, na mkiweza pandeni treni ya SGR, humo anaweza kusimama na kutembea kwenye njia mara kwa mara, basi litamkalisha muda mrefu. Stesheni chukua teksi, bodaboda sahau.

Kuhusu vitumbua, kile kigoda kistaafu. Fundi ainue jiko lifike kiunoni ili apike amesimama na kiti kirefu kiwe pembeni, ndoo za maji na mifuko ya unga unabeba we. Siku ya kliniki usimwambie daktari "anafanya biashara" tu, mweleze kigoda kina urefu gani, anakaa saa ngapi, sufuria lina uzito gani, hapo ndo ataweza kuwapa tarehe ya kweli ya kurudi kazini.