Jibu: Darubini haikuona kitu, PCR ikakuta Theileria ovis

Ndugu, umeuliza iweje daktari aangalie damu ya kondoo wako kwa darubini asione kitu, kisha maabara iseme PCR (kipimo cha vinasaba) imekuta Theileria ovis, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe. Hakuna aliyekosea. Kondoo aliyeambukizwa na kupe zamani hubaki na vimelea vichache mno, na kwenye kioo cha damu unaweza kupekua chembe nyingi usikutane na hata kimoja. PCR hurudufu kipande cha vinasaba vya kimelea, mara nyingi jeni iitwayo 18S, mpaka kionekane.

Lakini usikimbilie sindano. T. ovis kwa kawaida haimdhuru kondoo, tofauti kabisa na spishi nyingine ya Theileria, T. lestoquardi, inayoua. Kwa darubini zinafanana sana, kwa hiyo jina la spishi lina uzito kuliko neno "chanya".

Kama kondoo wanakonda na ufizi umepauka, wapimwe minyoo kwanza (hili husahaulika mno!), kisha Anaplasma ovis. Huyo ni bakteria. Kipimo cha Theileria hakimwoni hata akiwepo. Damu iwekwe kwenye chupa ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), ikae kwenye baridi hadi ifike maabara.