Kabla hujaleta ligi ya Jordan na LeBron

Kuna siku nilitoka saluni nikiwa nimenyolewa upande mmoja, na kosa lilikuwa langu.

Kinyozi wangu ni kijana mrefu ambaye jioni hucheza kikapu. Tukianza habari za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, yeye ni mtu wa LeBron James, mimi ni mtu wa Michael Jordan. Alikuwa ameshamaliza kisogo na upande wa kushoto niliporusha kombora langu la siku zote: pete za ubingwa sita kwa nne, mjadala umefungwa. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kama ni pete, basi Bill Russell, senta wa zamani wa Boston Celtics, anazo 11, tukae kimya wote wawili. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema Russell alicheza na wauza duka, akija leo hata benchi la NBA hapati. Kijana akazima mashine ili anijibu vizuri.

Tulileta ligi kama dakika arobaini. Kisha umeme ukakatika.

Kwenye benchi la wanaosubiri alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa ametulia muda wote na gazeti lake. "Samahani wanangu," akasema, "mnabishania nini hasa?" Tukamjibu kwa pamoja: nani mkali wa muda wote. "Hilo nimelisikia. Mkali kwa lipi?"

Hakuna aliyejibu. Umeme haukurudi, nikarudi nyumbani na kofia ya kuazima.

Tangu siku ile, mtu akinianza na mjadala huu simuulizi anamshabikia nani. Namuuliza tunapima nini. Ndani ya "nani mkali zaidi" kuna maswali manne au matano yamejibanza: nani alifika juu kuliko wote hata kama ni kwa misimu mitatu tu, nani alidumu, nani alishinda zaidi, nani ungemchukua kama una mechi moja ya kufa na kupona. Mtu wa Jordan anajibu swali la kwanza: fainali sita, ubingwa mara sita, mchezaji bora wa fainali mara zote sita. Mtu wa LeBron anajibu la pili: aliingia ligi mwaka 2003, mwaka 2023 akaipita rekodi ya pointi nyingi zaidi za muda wote, 38,387, ya Kareem Abdul-Jabbar, na Machi 2024 akavuka pointi 40,000. Yote mawili ni kweli, wala hayagongani. Tunaogongana ni sisi.

Jambo la pili nililojifunza: usitupe takwimu kabla hujazipigia hesabu. Usiku ule kinyozi alinitumia ujumbe mmoja tu, msimu wa 1961-62 wa Wilt Chamberlain, jitu la enzi za Russell: wastani wa pointi 50.4 na ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaiokota) 25.7 kwa mechi. Hakuandika kingine. Nikakaa mezani na risiti ya Luku (ndiyo, umeme ulikuwa umerudi), nikaigeuza nyuma na kuanza kugawanya. Enzi hizo timu zilikuwa zinakimbia na kutupa tu. Kila timu ilitupa zaidi ya mara 100 kwa mechi, na zaidi ya nusu ya mitupo hiyo ilikosa. Mpira ukikosa, lazima kuna mtu atauokota. Kwa hiyo timu moja ilipata ribaundi kama 70 kwa mechi, wakati siku hizi ni kama 44. Ukichukua 25.7 kati ya 70 unapata kama asilimia 37. Asilimia 37 ya 44 ni 16.

Kumi na sita bado ingemtosha kuongoza ligi leo, lakini sasa unamwona mtu, si jini. Halafu mechi ya NBA ina dakika 48 na Wilt msimu ule alicheza wastani wa dakika 48.5, maana hata za nyongeza alikuwemo. Leo hakuna kocha atakayemwacha mtu uwanjani namna hiyo, kwa hiyo hata hizo 16 zingepungua.

Kilichonikata maini kilikuwa kingine. Msimu huohuo wa pointi 50, tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Russell. Na waliopiga kura enzi hizo walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliogongana na hao majitu wawili usiku baada ya usiku. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, miaka sijui mingapi baadaye, nikiwarekebisha.

Walikuwa wanaona kitu ambacho karatasi haikukibeba. NBA haikuanza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa hadi msimu wa 1973-74, na Russell alishastaafu mwaka 1969. Kazi yake kubwa kuliko zote haina namba. Tena hakuwa wa kuupiga mpira ukatua kwa watazamaji ili watu washangilie; aliugusa tu ukabaki uwanjani, wenzake wakaondoka nao kwenda kufunga. Kwa hiyo ukiona mtu wa zamani ana safu tupu kwenye takwimu, usidhani hakufanya kitu.

Kuhusu pete sitasema mengi. Robert Horry, ambaye hakuwa nyota wa timu zake, anazo saba, moja zaidi ya Jordan, na sijawahi kumsikia mtu akimpanga juu ya Jordan. Na hizo 11 za Russell, alizipata ndani ya misimu 13, alianza kwenye ligi ya timu nane ambako ungeweza kuwa bingwa kwa kushinda raundi mbili tu za mchujo. Leo timu ni 30 na raundi ni nne. Hiyo haimpunguzii Russell chochote mbele ya watu wa wakati wake. Inamaanisha tu kwamba pete ya 1957 na pete ya 2016 hazikutoka kiwanda kimoja.

Kisha kuna mchezo wa kumsafirisha mtu kutoka enzi moja hadi nyingine, ambao naupenda ila una ulaghai. Ukimleta Russell leo, usimlete na raba zake za turubai. Mpe viatu vya leo, daktari wa leo, mpishi na usingizi wa leo. Na ukimpeleka Stephen Curry, bingwa wa mitupo ya mbali ya pointi tatu, mwaka 1962, mwambie mapema kwamba mstari wa pointi tatu hautachorwa hadi 1979, kwa hiyo zile tatu 402 za msimu wa 2015-16 zote zinakuwa mbili. Na pengine umweleze mwaka 1961, ambapo Russell na wenzake weusi walinyimwa huduma hotelini mjini Lexington, Kentucky, wakagoma kucheza mechi ya kirafiki, wakapanda ndege kurudi makwao. Uzito huo wanaubeba kwenye safu gani ya takwimu?

Sasa niseme la upande wangu. Jordan nilimwona kwenye kanda ya video iliyochakaa ya fainali za 1998, nikiwa mtoto, na ule mtupo wa mwisho pale Utah tuliurudisha nyuma hadi picha ikaanza kutetemeka. Kinyozi aliamka saa tisa usiku Juni 2016 kumwangalia LeBron akimalizia kutwaa ubingwa baada ya kuwa nyuma mechi 3-1 kwenye fainali, dhidi ya timu iliyoshinda mechi 73 msimu ule. Kila mmoja wetu anautetea usiku wake. Ukishakubali hilo sauti inashuka yenyewe.

Sisi Watanzania tuna sababu nyingine ya kupunguza kiburi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu aliitwa wa pili kwenye usajili wa wachezaji wapya wa NBA. James Harden aliitwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Wataalamu wanaolipwa mshahara, wenye video na vipimo vya kila aina, walishindwa kuwapanga vijana waliokuwa mbele ya macho yao. Halafu mimi nina uhakika na mtu aliyestaafu kabla sijazaliwa.

Orodha yangu ya leo, kama unaitaka, na swali likiwa nani alifika juu zaidi: Jordan, LeBron, Kareem, Russell, na wa tano Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, ambapo kinyozi anasema nimeingiza Uafrika. Nimeingiza, ndiyo.

Wiki chache baadaye tulimkuta tena yule mzee, safari hii yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Tukamuuliza wake ni nani. Akasema shuleni alikuwa akicheza senta, nafasi ya Russell ya chini ya kikapu, kwa hiyo ni Russell tu. Kinyozi akamuuliza alimwona wapi.

"Sikuwahi kumwona hata siku moja," akasema, akainamisha kichwa anyolewe.