Ukishalipua mchanga, usikimbilie kupima

Wahandisi vijana wanaokuja ofisini kwetu hapa Upper Hill na michoro ya magati huanza kuniuliza kiasi cha baruti, nami huanza kuwauliza kuhusu mchanga wenyewe. Kushindilia kwa milipuko, yaani kuusonganisha mchanga kwa kulipua baruti ndani yake, kunafaa pale mchanga ulipo safi, umelegea na umejaa maji: mlipuko ndani ya matundu yaliyotobolewa mchangani hupandisha shinikizo la maji yaliyo kati ya chembe, mchanga ukapoteza nguvu kwa muda, na maji yanapotoka chembe hujipanga upya zikisongamana, kama mahindi yanavyoshuka muuzaji wa Nyamakima akiigonga gorogoro. Ukiwamo mfinyanzi mwingi, maji hayatoki upesi, na fedha za mteja zimepotea.

Ninalolikazia zaidi ni vipimo vya baadaye. Niliwahi kuletewa ripoti ambamo mkandarasi alisukuma koni, ncha ya chuma inayopima ugumu wa mchanga, ardhini siku chache tu baada ya kulipua, akakuta ukinzani umepungua kuliko awali, akaomba kulipua upya. Ukurasa uliofuata, ambao nadhani hakuna aliyeusoma, ulionyesha kwamba uso wa mchanga ulikuwa umeshuka katika kila alama ya kupimia, yaani mchanga ulikuwa umeshikamana tayari, ila ukinzani huchelewa kupanda. Ndivyo ilivyoonekana pia kwenye bwawa la Jebba nchini Nigeria, katika miaka ya 1980, ambako ukinzani wa koni uliendelea kupanda kwa wiki nyingi baada ya milipuko. Kwa hiyo andikeni katika mkataba, kabla ya zabuni kutangazwa, kwamba kinachopimwa mara moja ni kushuka kwa uso, ambako kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 10 ya unene wa tabaka, na kwamba koni itarudiwa wiki kadhaa baadaye.

Anayedhani mchanga uliomwagwa ndani ya jukwaa la chuma utatulia wenyewe na aisome habari ya Molikpaq, jukwaa la kuchimbia mafuta katika Bahari ya Beaufort, Kanada. Aprili 1986 barafu ililitikisa hadi sehemu ya mchanga wa ndani ikapoteza nguvu. Lilipohamishiwa eneo la kisima cha Amauligak F-24, mchanga wake ulishindiliwa kwa baruti.

Kwetu Kenya kuna Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itataka tathmini ya athari kwa mazingira. Samaki wenye kibofu cha hewa ndio huumia kwanza, hivyo zungumzeni na wavuvi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya eneo hilo kabla mtambo wa kutoboa haujashushwa majini.