Mbuzi wanapewa dawa ya minyoo kila mwezi na bado wanakonda

Mkuu wa Kigamboni uliyeuliza kwa nini mbuzi wako unawapa dawa kila mwezi na bado wanakonda mpaka mmoja kavimba chini ya taya, mimi nafuga Chanika na hiyo hali naijua. Usikimbilie kubadilisha dawa, angalia kwanza wanakula wapi na saa ngapi.

Huo uvimbe ni maji, yanajaa pale damu ikiisha. Mnyoo anayeimaliza anaitwa Haemonkasi, anakaa tumbo la nne, na mara nyingi mbuzi hata haharishi ndo maana watu wanachelewa kushtuka. Ukichinja mwenye hali hiyo pasua hilo tumbo likiwa bado la moto, utawaona wanajinyonganyonga, wembamba kama uzi, sentimita mbili tatu hivi, jike mwekundu kwa damu aliyonyonya na amezungukwa na mstari mweupe, huo mweupe ni mirija ya mayai. Huyo mmoja kwa siku anaweza kutaga mayai 5,000 na zaidi, yote yanatoka na mavi.

Sasa kwa joto letu hili na unyevu wa masika yai linaanguliwa siku moja mbili tu, lava, yaani mnyoo mchanga, anajivua ngozi, ndani ya wiki hivi yuko tayari, anapanda kwenye jani lenye umande anasubiri aliwe, na akishaliwa wiki tatu tu naye anataga. We unawanywesha dawa Jumamosi, Jumapili alfajiri unawarudisha palepale!

Mimi siwafungulii mpaka umande ukauke, masika nawakatia majani nawaning'inizia juu bandani, na banda ni la chaga mavi yadondoke chini. Dawa toa kwa uzito, ukikadiria kwa macho ukapunja unafuga minyoo sugu. Na usiwape wote, funua kope la chini, wekundu muache, aliyepauka ndo mpe, Afrika Kusini walitengeneza chati ya rangi kwa kazi hiyo inaitwa FAMACHA. Wiki mbili baada ya dawa peleka mavi yakapimwe, mayai yakiwa bado mengi hapo ndo ubadilishe dawa.

Huyo aliyevimba taya usimswage kwenda malishoni kabisa, anaweza kudondoka njiani akafa, mlishe bandani na umwite daktari wa mifugo leo leo.