Jibu: Fasia ya nyonga ni tabaka moja au ni kano nyingi?

Mdogo wangu unayesoma uuguzi kule Goma, umeuliza kwa nini kitabu kimoja kinachora kano za mfuko wa uzazi (kamba za tishu zinazoushikilia) moja moja, kila moja na jina lake, na kingine kinataja fasia ya ndani ya nyonga tu, yaani utando wa tishu unaofunika na kushikilia viungo, basi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Bukavu, upande wa magonjwa ya wanawake. Jibu langu: tishu ni ileile, michoro ndiyo inayoikatakata.

Anza na tabaka mbili zisizo na ubishi. Moja imelala juu ya misuli ya ukuta na sakafu ya nyonga. Ni imara, nyeupe, inashika uzi vizuri. Nyingine imevaa viungo vyenyewe: kibofu, uke, mfuko wa uzazi, rektamu (mwisho wa utumbo mpana). Kati ya tabaka hizo mbili kuna mafuta, nyuzi za kolajeni, misuli laini, neva na mishipa ya damu. Hapo katikati ndipo vitabu vinapogombana, maana sehemu nyingine kidole cha daktari kinapita bila hata damu, na sehemu nyingine tishu imekaza mpaka ikapewa jina la kano.

Daktari akivuta mfuko wa uzazi kwenda juu, utaona matuta mawili yakitoka nyuma ya shingo ya kizazi, yakipita huku na huku ya rektamu kuelekea sakramu, mfupa wa chini ya mgongo. Hizo ndizo kano za uterosakrali. Akiachia, matuta yanafifia. Kano ya kadinali, ile ya pembeni, usitegemee kuona kamba kabisa: ni mishipa ya damu na tishu inayoizunguka. Ndani yake unapita mshipa mkuu wa damu wa mfuko wa uzazi, na chini ya mshipa huo unapita mrija unaoshusha mkojo toka figoni, kiasi cha sentimita 2 tu kutoka shingo ya kizazi. Koleo likienda pembeni kidogo, mrija umebanwa. Hapo hakuna anayepiga stori.

Kwa mtihani, shika mpangilio wa ngazi tatu za kushikilia uke na mfuko wa uzazi, wa DeLancey, daktari wa wanawake wa Marekani, wa mwaka 1992. Ngazi ya juu ni kano hizo mbili. Ya kati, uke umeungwa pembeni kwenye ukanda mgumu unaotoka mfupa wa kinena hadi mwiba wa iskiamu (ncha ya mfupa wa kukalia). Ya chini, uke umeshikamana na tishu za msamba. Ngazi ya juu ikilegea, mfuko wa uzazi unashuka. Ya kati ikiachia mbele, kibofu kinabonyea ukeni.

Lakini usiipe fasia kazi isiyo yake. Walimu wengi hutumia mfano wa boti bandarini, na sisi wa ziwa Kivu tunauelewa haraka: maji ndiyo yanayobeba boti, kamba zinaizuia tu isisogee. Maji ni misuli ya levata ani, ile ya sakafu ya nyonga; kamba ni fasia na kano. Uzazi ukiichana misuli hiyo, uzito wote unaangukia kamba, nazo hunyooka taratibu kwa miaka. Wazia sasa mama mwenye uzazi mwingi, anayepandisha gunia Kadutu, hapa Bukavu, kwa kamba ya kwenye paji la uso.

Tabaka hizi utazithamini zaidi kwenye fistula, tundu linalobaki kati ya kibofu na uke. Uchungu ukikwama, kichwa cha mtoto kinabana kibofu na uke kwenye mfupa wa kinena, damu haifiki, nyama inakufa, na baada ya siku kadhaa inadondoka. Mkojo unaanza kuvuja. Kushona tundu si ndiyo kazi ngumu. Kazi ni kutenganisha ukuta wa kibofu na wa uke, upana wa kutosha ili kibofu kifungwe bila kuvutwa. Penye tishu nzima njia hiyo inafunguka vizuri. Penye kovu, tabaka zimegandana na mkasi unakwenda milimita kwa milimita.

Uliuliza pia kama mazoezi ya Kegel, ya kukaza na kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, yanarudisha fasia. Hapana. Yanaimarisha misuli, na kwa mfuko ulioshuka kidogo yanapunguza dalili, kwa hiyo tunawafundisha akina mama. Fasia iliyochanika haiungwi kwa mazoezi. Mama mwenye fasia hiyo ni wa pesari (kifaa kinachowekwa ukeni kushikilia viungo) au wa upasuaji, kulingana na dalili zake na kama bado anataka kuzaa.