Siku mbili Dubrovnik: ukuta au ufukwe?

Shikamoo shangazi. Mwezi wa Julai, baada ya kukaa Italia, mimi na mama tutapitia Dubrovnik kwa siku mbili. Mimi natamani kuuzunguka ukuta wote wa mji wa kale. Mama magoti yanamuuma, anataka ufukwe tu. Nimwache peke yake? Na viza yetu ya Schengen tuliyopewa na Italia itatufikisha Kroatia? – Zuhura

Marahaba, Zuhura. La viza nilimalize kwanza. Kroatia iliingia Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyohiyo ikaanza kutumia yuro. Viza yenu inafaa, mradi haijaisha muda na siku nyingi za safari mnazitumia Italia.

Ukutani nenda peke yako, tena uwe mlangoni kunapofunguliwa. Mzunguko ni karibu mita 1,940, ngazi ni nyingi, kivuli ni haba, na watu wote hutembea kuelekea upande mmoja. Mwenye magoti mabovu akichoka katikati atapata taabu kurudi nyuma. Ukiwa juu, tazama mapaa. Vigae vyekundu vinavyong'aa viliwekwa baada ya mji kupigwa mizinga mwaka 1991. Vile vilivyopauka ndivyo vya zamani. Ukiona vilivyopauka vilivyo vichache, utajua mji uliumizwa kiasi gani.

Usiitupe tiketi ya ukuta, maana ndiyo itakayokuingiza ngome ya Lovrijenac, nje ya lango la Pile. Nakuomba sana usiiruke. Imesimama juu ya jabali la mita 37, na wengi huipiga picha kutoka mbali wakapita zao. Wewe ingia, ulinganishe kuta zake. Zinazokabili adui zina unene unaofika mita 12. Ule unaoutazama mji una sentimita 60 tu. Waliojenga walikusudia hivyo: kamanda akiasi na kuwageuzia wenzake mizinga, mji uweze kuubomoa ukuta huo mwembamba mara moja. Jamhuri ya Ragusa, kama mji ulivyoitwa zamani, iliwachunga wakubwa wake kwa namna hiyo. Hata mkuu wa dola alishika cheo kwa mwezi mmoja tu, kisha akampisha mwingine. Juu ya mlango wa ngome wamechonga maneno ya Kilatini yanayosema kwamba uhuru hauuzwi, hata kwa dhahabu yote. Kwangu mimi, hakuna jiwe Dubrovnik linalolishinda hilo.

Mama asubuhi hiyo akae Stradun, barabara kuu ya mji wa kale. Ni tambarare, magari hayapiti, na mikahawa ipo. Jioni pandeni wote mlima Srđ, wenye mita 412, kwa kile kigari kinachoning'inia kwenye waya, magoti hayatahusika. Kileleni kuna ngome waliyoijenga Wafaransa enzi za Napoleon, na ndani yake makumbusho ya vita vya miaka ya 1990. Mji wote utauona chini yenu, na Lovrijenac pembeni.

Siku ya pili mpe mama bahari yake. Ufukwe wa Banje uko karibu na lango la Ploče, lakini ni kokoto na Julai hujaa watu. Mimi ningempeleka kisiwa cha Lokrum. Boti hutoka bandari ya kale na safari ni kama robo saa. Kuna vivuli vya miti, tausi wanatembea ovyo, na kiziwa cha maji ya chumvi kilichotulia kwa sababu mawimbi hayakifikii. Chukueni viatu vya mpira, miamba inachoma nyayo. Kisiwani hairuhusiwi kulala, kwa hiyo ulizeni saa ya boti ya mwisho kabla hamjashuka.

Shangazi, mbona huku Dubrovnik kila ufukwe ni mawe? Nina watoto wadogo wanaotaka kuchimba mchanga. – Baba Salim

Pwani hiyo ni ya miamba ya chokaa, mchanga ni wa kutafuta. Wapeleke Šunj, kisiwa cha Lopud: feri hutoka bandari ya Gruž, kisha mnavuka kwa miguu hadi upande wa pili wa kisiwa. Maji ni mafupi mbali kutoka ukingoni, na mchanga ni mchanga kweli. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kile kilima cha katikati kina jua kali.