Umri wa nyumba, bei ya mtaa na majirani: nitajuaje kabla ya kununua?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tulikuja Columbus, Ohio, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa benki imekubali kutupa mkopo wa nyumba. Kitindamimba wetu hajafikisha miaka miwili. Dalali anatuzungusha Linden, Northland na Hilltop. Nikimuuliza mtaa huu wanaishi watu gani, anageuza mazungumzo. Nikimuuliza nyumba zake zina umri gani, anasema "za zamani kidogo". Nitapata wapi habari za uhakika bila kumtegemea yeye? – Mama wa watoto watatu, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mkopo.

Kwa swali la majirani, usimkasirikie dalali. Sheria ya haki katika makazi ya mwaka 1968 inamkataza kumsukuma mteja kwenye mtaa fulani, au kumwepusha nao, kwa sababu ya rangi, dini au asili ya wakazi. Wengi huona heri wanyamaze kabisa. Wewe hufungwi na katazo hilo, na takwimu ziko wazi, bure, kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa: data.census.gov.

Ila usianze na jina la mtaa. Linden ni jina lililozoeleka na watu tu. Sensa ina mipaka yake. Huigawa kaunti katika vipande vyenye kati ya watu 1,200 na 8,000, na kila kipande kina namba. Chukua anwani ya nyumba uliyoonyeshwa, iingize geocoding.geo.census.gov, nayo itakupa namba ya kipande chake. Kisha rudi data.census.gov, chagua palipoandikwa Census Tract, halafu Ohio, halafu Kaunti ya Franklin, halafu namba yako. Wanaokuja kwangu na kompyuta huwa wametafuta kwa zip kodi, yaani namba ya posta. Zip kodi ilibuniwa kwa ajili ya barua. Ni pana, na inaweza kuchanganya mtaa wa miaka ya 1920 na nyumba zilizojengwa juzi.

Ukishafika hapo, andika namba za majedwali. B25034 linaonyesha nyumba ngapi zilijengwa katika kila muongo, kuanzia zile za 1939 na kurudi nyuma. B25077 linatoa bei ya katikati: nusu ya nyumba zinazokaliwa na wenyewe ziko juu yake, nusu chini. DP05 lina umri, jinsia na asili ya wakazi. Ukitaka kujua kama mtawakuta watu wa kwetu, fungua B05006, linaloonyesha wahamiaji walizaliwa nchi gani, Kenya na Kongo zikiwemo. Kwa lugha hutafika mbali: katika kipande kidogo namna hiyo Kiswahili humezwa kwenye fungu la "lugha nyingine". Kwa hilo, waumini wenzako wa kanisani au msikitini watakujibu vizuri kuliko jedwali lolote.

Bei isome kwa uangalifu. Namba hizi zinatokana na utafiti uitwao ACS, unaouliza sehemu tu ya kaya, na kwa vipande vidogo majibu ya miaka mitano huunganishwa. Mwenye nyumba huulizwa anadhani nyumba yake ingeuzwa kiasi gani. Hakuna aliyekwenda kuipima. Kando ya kila namba kuna nyingine yenye alama ya ±. Tuseme umeona dola 210,000 na pembeni ±45,000: maana yake bei ya katikati yaweza kuwa popote kati ya 165,000 na 255,000. Usiende kubishana bei na mwenye nyumba ukiwa na karatasi hiyo.

Kwa nyumba yenyewe, nenda tovuti ya mkaguzi wa kaunti, Franklin County Auditor. Andika anwani tu. Utaona mwaka iliojengwa, imeuzwa lini na kwa kiasi gani, na kodi yake kwa mwaka. Angalia jambo moja: Ohio hutoza kodi kwa asilimia 35 ya thamani, kwa hiyo ukurasa una namba mbili. Ile ndogo si bei ya nyumba. Nimeona watu wakiishangilia.

Sasa nije kwenye umri, maana una mtoto mdogo. Rangi ya kupaka yenye risasi (madini yenye sumu, kwa Kiingereza lead) ilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Jedwali la sensa lina fungu la 1970 hadi 1979, kwa hiyo halitakwambia nyumba yako iko upande gani wa mstari. Mkaguzi wa kaunti atakwambia. Kama ni ya kabla ya hapo, tazama madirisha kwanza. Dirisha la zamani hupandishwa na kushushwa, mbao zinasuguana, na kila msuguano unaacha vumbi kwenye kizingiti cha chini. Mtoto anayejifunza kusimama hushika hapo hapo, kisha mkono unaingia mdomoni. Vumbi hilo huathiri ubongo unaokua, na madhara yake hayaondoki. Rangi mpya iliyopakwa juu haitoshi mahali panaposuguana.

Sikwambii uikimbie kila nyumba kuukuu. Imara zipo nyingi, na huenda ndizo mnazozimudu. Ila kwa nyumba ya kabla ya 1978, muuzaji lazima akupe kijitabu cha serikali kuhusu risasi, akueleze kwa maandishi anachokijua, na akupe siku 10 za kuleta mpimaji wako kabla mkataba haujakubana. Katika ule mlima wa karatasi kuna kisanduku cha kuziacha siku hizo. Wakikuharakisha ukiweke alama kwa kuwa kuna wanunuzi wengine, kataa, lete mpimaji.

Na kitindamimba, kama yuko kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anatakiwa kupimwa damu kwa risasi akiwa na miezi 12 na tena 24. Hapo mnapopanga sasa nako kwaweza kuwa kukuukuu, kwa hiyo muulize daktari wake wiki hii, msingoje kuhama.